Vitamini A nyingi haisafishi ini
Katika mialo ya Mwanza, ambako kichocho huacha makovu kwenye ini, huenda wapo wanaoamini kwamba vidonge vya vitamini A husafisha ini. Imani hiyo haikutoka hewani: sehemu kubwa ya vitamini A ya mwili huhifadhiwa humo, kama vitone vya mafuta ndani ya seli zenye umbo la nyota. Ini likijeruhiwa mara kwa mara, seli hizo hupoteza vitone vyake na kuanza kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi za kovu. Lakini haijathibitika kwamba kumeza zaidi huziponya, na retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika mwilini, ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huumiza ini. Geuza kopo usome lebo: kikomo cha mtu mzima ni mikrogramu 3,000 za retinoli kwa siku, na karotini ya viazi lishe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haihesabiwi humo.