Dawa ya Mwezi wa Pili: Kwa Nini Huduma ya Afya ya Akili Ishuke Hadi Zahanati

Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au kuamini mambo yasiyokuwapo, anayeanzishiwa matibabu katika hospitali ya rufaa, iwe KCMC mjini Moshi au Mount Meru jijini Arusha, mara nyingi hupata nafuu inayoonekana katika wiki chache za mwanzo: analala usiku, anaoga bila kusukumwa, anajibu anapoulizwa, na ndugu zake wanaanza kupumua. Kinachotusumbua sisi tunaotoa huduma hii ni mwezi wa pili wa matibabu. Dawa zinakwisha, tarehe ya kliniki inafika, na kaya inayoishi kwa vibarua vya kupalilia kahawa huko Rombo, au kwa genge la mboga pale Ngarenaro, inalazimika kuamua kama siku hiyo itatafuta riziki au itampeleka mgonjwa. Kwa kuwa mgonjwa wa namna hii kwa kawaida hasafiri peke yake, kinachotoka mfukoni ni nauli ya watu wawili, na kinachopotea ni kipato cha siku nzima cha yule anayemsindikiza. Tarehe moja ikirukwa, ya pili hurukwa kwa urahisi zaidi, na baada ya miezi michache mgonjwa hurudishwa hospitalini akiwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo mara ya kwanza, pengine akiwa amefungwa kamba.

Makala haya yanatetea jambo moja: kupanua huduma za afya ya akili kwa watu wa kipato cha chini katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha kuanze kwa kuhamishia ufuatiliaji wa kila mwezi kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo karibu na watu, huku madaktari bingwa, ambao ni wachache, wakibaki na kazi ya kuchunguza wagonjwa wenye matatizo magumu, kufundisha na kusimamia. Vitanda zaidi vinahitajika pia, lakini vitanda havitatui tatizo la mwezi wa pili.

Wazo hili si geni kwetu. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa miongo mingi mgonjwa wa akili aliyeshindikana nyumbani alisafirishwa mbali na watu wake. Miaka ya 1980, Tanzania, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na Serikali ya Denmark, ilijaribu njia nyingine: kuingiza huduma ya afya ya akili ndani ya huduma za kawaida za afya ya msingi. Mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro. Wasomaji wengi wa Moshi hushangaa kusikia hivyo, na mshangao wenyewe unaonyesha ni kwa kiasi gani jambo jema linaweza kusahaulika pale linapofanywa kama mradi badala ya kuwa kazi ya kila siku ya kituo.

Wananchi wengi hudhani kikwazo kikubwa ni bei ya matibabu. Kwa mujibu wa sera ya msamaha, magonjwa ya akili ni miongoni mwa magonjwa sugu ambayo huduma zake katika vituo vya umma zinapaswa kutolewa bila malipo. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kaya ya hadi watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Msamaha huo, hata hivyo, hauna faida pale dirisha la dawa linapojibu kwamba dawa hakuna na mgonjwa akaelekezwa duka la mtaani. Haloperidoli ya skizofrenia, amitriptilini ya sonona (huzuni nzito inayodumu) na kabamazepini ya kifafa ni dawa za miaka mingi, si za bei kubwa, na zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Hukosekana kwa sababu ya mzunguko ambao kila mfamasia anaujua: kituo hakiagizi dawa kwa sababu hakuna anayeiandika, na tabibu haiandiki kwa sababu anajua stoo haina. Ni kweli kwamba orodha hiyo hupanga dawa kwa ngazi, kwa hiyo si kila dawa inaweza kuanzishwa zahanati. Lakini hakuna ugumu wa kitaalamu katika kituo cha afya kufungasha dawa za mwezi za mgonjwa aliyekwishapimwa, zikiwa na jina lake, na kuzipeleka zahanati ya kijijini kwake pamoja na chanjo na vifaa vingine vinavyokwenda huko.

Dawa yenyewe inahitaji maelezo ambayo mara nyingi hayatolewi. Mgonjwa hutoka hospitalini na bahasha ndogo iliyoandikwa 1x2, na ndani ya siku chache za mwanzo haloperidoli inaweza kumkaza misuli: shingo inapinda upande mmoja, taya linakaza, macho yanatazama juu na hayashuki. Kwa familia ambayo haikuonywa, tukio hilo linathibitisha kwamba kilichomkumba ni pepo na kwamba hospitali imemchokoza. Dawa hutupwa siku hiyohiyo. Muuguzi wa zahanati aliyefundishwa hutambua mara moja kwamba hayo ni madhara ya dawa, kwamba yana tiba ya haraka, na kwamba kipimo cha dawa kinahitaji kurekebishwa kwa ushauri wa aliyeianzisha. Maelezo ya dakika tano kabla ya mgonjwa kuondoka, yakitolewa kwa mgonjwa mwenyewe na kwa ndugu anayemtunza, huokoa matibabu ya miaka. Vivyo hivyo kwa sonona: dawa zake huchukua kati ya wiki mbili na nne kabla ya kuleta nafuu, ilhali kinywa kukauka na usingizi mzito huanza mapema, na asiyeambiwa hivyo huacha dawa kabla haijaanza kumsaidia.

Sonona nayo huingia zahanati kwa mlango mwingine. Mama anayeuza ndizi Kiboriloni haji kusema kwamba amekata tamaa. Anakuja na kichwa kinachouma, mwili unaochoma, moyo kwenda mbio na usingizi uliopotea. Anapimwa malaria, taifodi na UTI, anapewa vidonge, na baada ya wiki mbili amerudi. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa mwaka 2008 kwa ajili ya kuziba pengo la matibabu ya akili uliandaliwa kwa ajili ya matabibu na wauguzi wasio mabingwa, na hatua yake ya kwanza ni rahisi: mgonjwa anayerudi mara kwa mara kwa maumivu yasiyoeleweka aulizwe kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni karibu kila siku, na kama amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Akijibu ndiyo, maswali mengine yanafuata, likiwamo la kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza mtu swali hilo kwa upole hakumpandikizii wazo hilo. Wahudumu wengi wanaliogopa bila sababu.

Si kila mwenye sonona anahitaji vidonge. Jijini Harare, Zimbabwe, daktari bingwa wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, katika eneo la Mbare, huduma inayojulikana kwa jina la Friendship Bench, ambapo akina bibi waliofundishwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsaidia kuchambua matatizo yake, kuchagua moja, na kupanga hatua ya kulikabili. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za jiji hilo ukihusisha watu 573, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kwetu sisi wa Moshi na Arusha, ambako mama mtu mzima bado anasikilizwa mtaani, sioni kwa nini jambo la namna hiyo lisifanyike katika uwanja wa kituo cha afya, mradi akina mama hao wawe na msimamizi wa kitaalamu wa kumwendea wanapokutana na jambo lililowazidi.

Nguvu kazi ya kuifikia kaya ipo njiani. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwaandaa wahudumu zaidi ya 137,000 nchini katika kipindi cha miaka mitano. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba huko Pasua au Unga Limited anaweza kufanya mambo machache yenye uzito mkubwa: kuhesabu vidonge vilivyobaki na kuvilinganisha na tarehe, kuuliza mgonjwa analalaje, kumwangalia mtunzaji naye kama hajachoka kupita kiasi, na kupiga simu zahanati anapoona dalili zinarudi. Nina wasiwasi mmoja. Mhudumu huyo ni jirani, anasali kanisa moja au msikiti mmoja na familia anayoitembelea, na habari za mtaani husafiri haraka. Usiri usichukuliwe kama mada ya nusu saa ya mwisho katika semina. Kaya ikisikia habari zake kisimani, haitafungua mlango tena, na majirani zake watajifunza kutokana nayo.

Kilimanjaro hauwezi kuzungumziwa bila pombe. Mbege ni kinywaji cha heshima katika sherehe za Wachaga na sina ugomvi na mila hiyo. Shida iko kwenye unywaji wa kila siku, kwenye gongo, na kwenye pombe kali za bei ndogo ambazo kupigwa marufuku kwa viroba, yaani pombe kali ya kwenye vifuko, Machi 2017 hakukuzimaliza. KCMC, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, imekuwa ikifanyia utafiti njia inayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo majeruhi aliyefika idara ya dharura na anayekunywa kwa kiwango cha hatari hupewa mazungumzo mafupi, yasiyo ya kumhukumu, akiwa bado anaona kwa macho yake matokeo ya kunywa. Mazungumzo ya aina hiyo yanaweza kufanyika hata katika kituo cha afya. Tahadhari moja inapaswa kujulikana na kila familia: mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla kwa kufungiwa ndani. Siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na hali hiyo inaweza kuua. Apelekwe kituoni, aachishwe chini ya uangalizi.

Waganga wa tiba asili, wachungaji na masheikh huwaona wagonjwa hawa kabla yetu, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua kazi ya waganga waliosajiliwa. Kuwabeza hakumleti mgonjwa hospitalini. Tunachowaomba ni mambo mawili tu: mgonjwa asifungwe minyororo wala kunyimwa chakula, na asiambiwe aache dawa wakati maombi au tiba nyingine ikiendelea.

Suala la kujiua linahitaji ujasiri wa kisheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalitaja jaribio la kujiua kuwa ni kosa. Hofu ya polisi huifanya familia iseme kwamba kijana alikunywa dawa ya kunyunyizia nyanya kwa bahati mbaya, anatibiwa sumu, anarudi nyumbani, na sonona iliyomfikisha hapo haiguswi. Kwa maoni yangu kifungu hicho kiondolewe. Wakati hilo likisubiriwa, kaya zinazolima zihifadhi viuatilifu nje ya nyumba ya kulala, katika kisanduku chenye kufuli, ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja. Na yeyote anayesikia ndugu yake akizungumzia kufa asimwache peke yake, amsindikize kituo cha afya siku hiyohiyo.

Yaliyobaki yako mikononi mwa halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mpango kabambe wa afya wa halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo, kwa kutumia takwimu zinazotoka vituoni. Kituo ambacho hakiandiki wagonjwa wa akili na kifafa katika rejista yake hakiwezi kutetea maombi ya dawa kwa ajili yao. Kamati za usimamizi wa vituo, ambamo wananchi wana wajumbe wao, zinaweza kuuliza katika kikao chochote maswali matatu: rejista ina wagonjwa wangapi wa akili, ni wangapi kati yao waliochukua dawa mwezi uliopita, na mratibu wa afya ya akili wa mkoa alifika lini mara ya mwisho kuwasimamia wahudumu. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kupelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya kabla makadirio ya bajeti hayajafungwa.