Je, wajua karanti nyekundu huishi miaka mingapi kwenye nchi za baridi?

Kwa muda mrefu nilikuwa naamini kabisa kwamba mmea unaofunikwa na theluji miezi kadhaa kila mwaka lazima ufe mapema, yani baridi inaula kidogo kidogo mpaka unaisha. Kumbe kwa karanti nyekundu, kile kichaka chenye vishada vya matunda madogo kama shanga, sivyo kabisa. Kikishapukutisha majani kinalala, na kikilala kinastahimili hata nyuzi 30 chini ya sifuri, tena kikikosa hiyo baridi hakichanui vizuri msimu unaofuata. Baridi inayokiumiza ni ile inayochelewa ikakuta maua yameshafunguka, na hiyo nayo inaondoka na mavuno ya mwaka huo tu, kichaka kinabaki.

Kwa kawaida kinazaa vizuri miaka 15 hadi 20, na kikitunzwa kinavuka hapo. Fikiria timu ya mpira, timu inaweza kuwa na miaka 50 wakati hakuna mchezaji hata mmoja anayefika 40. Matawi ndio wachezaji. Tawi likifika miaka mitano sita nguvu inapungua, mkulima analikata chini kabisa, na kila mwaka anaacha machipukizi mawili matatu yapande kushika namba. Asipokata, kichaka kinasongamana, mwanga hauingii, matunda yanakuwa madogo, halafu watu wanasema kimezeeka na kuking'oa wakati kilichozeeka ni matawi tu. Ila mizizi ikikaa kwenye maji yaliyotuama au virusi vikiingia, hapo kukata matawi hakusaidii.

Halafu kuna umri wa aina yenyewe, na hapa ndo panaponifurahisha zaidi. Aina ya karanti nyekundu iitwayo Jonkheer van Tets ilitoka Uholanzi mwaka 1941, lakini nyingine iitwayo Red Dutch ina karne kadhaa na bado inalimwa Finland na Sweden. Inawezekanaje? Hazipandwi kwa mbegu, maana mbegu inazaa mtoto mwenye tabia zake, zinapandwa kwa kipande cha tawi kinachochomekwa ardhini kikatoa mizizi, kwa hiyo vinasaba ni vilevile. Kichaka cha Red Dutch kilichopandwa juzi ni mwendelezo wa mmea uleule wa kwanza, umekatwa na kuhamishwa mara nyingi sana lakini haujawahi kufa.