Kusoma Kanada mpaka PR (ukaazi wa kudumu): yanayosemwa vikaoni na ukweli wake

Huku kwetu Mtwara hela za mnada wa korosho zikishaingia utasikia wajomba wanaitana kikao cha kumpeleka kijana Kanada, na yanayosemwa humo mengi sio kweli na yanatugharimu, kwahiyo naandika kwa wanaolipa ada na kwa nyie mlioko huko tayari.

Linaloumiza wengi ni hili, eti ukishatuma maombi ya PR upo salama hata kibali cha masomo kikiisha. Hapana jamani. Maombi ya ukaazi wa kudumu peke yake hayakupi ruhusa ya kubaki wala kufanya kazi, kinachokulinda ni kibali chenyewe, au maombi ya kukiongeza uliyotuma kabla hakijaisha. Ukituma hata siku moja kabla, unaendelea kukaa na kusoma kwa masharti yaleyale mpaka wakujibu, ila ukichelewa siku moja tu hadhi yako ya kukaa kihalali imeshapotea, unabaki na siku 90 za kuomba urejeshewe, na ukiwa unasubiri jibu husomi wala hufanyi kazi, ada na kodi ya chumba zinaendelea kudai.

Alafu watu wanaangalia viza kwenye pasipoti. Viza ni ya kuingilia tu, tarehe yako ipo kwenye karatasi ya kibali, na hata hiyo ukimaliza kozi mapema kibali kinakufa siku 90 baada ya kumaliza.

Kuhusu kazi, wanasema piga masaa uwezavyo maana yote yanahesabiwa kwenye PR. Binti mmoja wa Chikongola alinitumia picha ya kibali chake, pale chini kwenye masharti wameandika anaruhusiwa kufanya kazi akiwa ametimiza vigezo na lazima aache akivikosa, yeye alikuwa hajawahi kuusoma ule mstari na sidhani kama yupo peke yake. Tangu Novemba 2024 nje ya chuo mwisho ni masaa 24 kwa wiki muhula ukiendelea. Na masaa ya kazi ukiwa mwanafunzi wa muda wote hayahesabiwi kwenye ule mlango wa PR wa uzoefu wa Kanada, pale wanataka masaa 1,560 ya kazi ya ujuzi, yaani kama mwaka mzima, ukiwa na ruhusa halali. Ndo maana kibali cha kazi baada ya masomo ni muhimu hivyo, kinatolewa mara moja tu maishani, unakiomba ndani ya siku 180 tangu chuo kithibitishe umemaliza, na sio kila chuo wala kila kozi inakupa, kwahiyo mjomba uliza hilo kabla hujalipa hata shilingi.

Kuhama chuo nako siku hizi kunahitaji kibali kipya kwanza.

La mwisho la madalali, eti usiseme unataka PR utanyimwa, bora udanganye. Sheria ya Kanada inaruhusu mtu kwenda kusoma akiwa na nia ya ukaazi, cha msingi afisa aridhike utaondoka muda wako ukiisha, ila ukikamatwa na uongo au taarifa ya benki ya kughushi ni marufuku miaka 5. Dalali akikuomba hela muombe namba ya leseni, kisha itafute mwenyewe kwenye orodha ya washauri wa uhamiaji wa Kanada, ipo wazi mtandaoni.