Hatukushindwa kwa dakika 38

Kila unapozuka mjadala wa ulinzi hapa Unguja, hakosi mtu wa kutuletea vita vyetu na Waingereza vya 27 Agosti 1896. Vilikwisha kwa dakika 38, atasema, kwa sababu hatukuwa na silaha. Basi tujizatiti kwa silaha. Mwengine atamjibu kuwa nchi ndogo haina lake mbele ya kubwa, basi tunyamaze. Nasomesha historia, na wiki hii nimeyasikia tena yote mawili, kwa watu wazima wenye vyeo. Wote wamekosea pahala pamoja: wanaanza hesabu saa tatu na dakika mbili asubuhi, mizinga ilipolia.

Tukio lenyewe nalipitia mbio. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya balozi wa Kiingereza, akapewa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27, akakataa kutoka, na manowari za Admirali Rawson zikalipiga kasri. Watu kama 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa; kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Dakika zenyewe wengine wanazifanya 40, wengine 45, kwa kutegemea wanahesabia mwisho wapi. Mimi hazinishughulishi.

Linalonishughulisha ni hilo la kuwa hatukuwa na silaha. Khalid alikuwa na watu wapatao 2,800, bombomu, na mizinga miwili iliyokuwa zawadi ya Mfalme wa Ujerumani. Alikuwa na Glasgow, meli ya Sultan, ikazamishwa pale pale mbele ya mji. Sawa, vyote hivyo visingeshinda manowari. Lakini hebu watazameni waliosimama nchi kavu upande wa Waingereza: askari wapatao 900 wa jeshi la Zanzibar lenyewe, wakiamrishwa na Raikes, ofisa wa Kiingereza. Jeshi hilo aliyelianzisha ni Sayyid Barghash, Sultan aliyekuwa baba yake Khalid, na mwaka 1877 Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, ndiye aliyewekwa kulifundisha. Ilipofika 1891 Mathews huyo huyo alikuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultan. Kwa hiyo mtoto wa Barghash alikabiliwa na jeshi la baba yake. Mngempa mizinga mara kumi ya ile aliyokuwa nayo, bado amri ya jeshi isingekuwa mikononi mwake.

Na Waingereza waliingiaje hata wakawa na kauli ya nani akalie kiti? Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie wasome. Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja, alikufa 1856 bila ya kuacha utaratibu wa urithi uliokubaliwa na wanawe wote. Mwanawe Thuwaini wa Muscat akagombana na nduguye Majid wa Unguja. 1859 Barghash akamwasi kaka yake Majid. Majid akaokoka kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, akawaamua ndugu: Oman mbali, Zanzibar mbali, na Zanzibar iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Mwamuzi aliyeitwa kwenye ugomvi wa ndugu hakurudi kwao. Himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar ilipotangazwa 1890, kauli juu ya mrithi ilikuwa yake. Khalid alipopanda ngazi za kasri alikuwa anadai haki ambayo ukoo wake ulishaipoteza kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 30.

Kuna jambo linaloipinga hoja yangu, na wanafunzi wangu wakali huliona. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya kasri la Barghash. Hakuwa na mpinzani wa kiti, na alikubali madai yao ya bara vile vile. Mwaka uliofuata mipaka yake ikapimwa na tume ambayo haikuwa na Mzanzibari hata mmoja. Umoja wa ndani, basi, hauzuii manowari. Naliona jibu ni kuwa Barghash alipoteza ardhi akabaki na kiti, na Khalid alikikosa kiti chenyewe. Lakini sidai kuwa jibu hilo limefunga mjadala.

Na tunaposema "tulishindwa", ni nani sisi? Ndani ya kasri walikuwamo mamia ya watumishi na watumwa. Miezi michache baadaye, 1897, Sultan Hamoud, aliyewekwa na Waingereza, alitia saini amri ya kuuondoa utumwa kisheria. Kwa mtu aliyekuwa akichuma karafuu za bwana wake kule Pemba, kushindwa kwa Khalid hakukuwa msiba. Anayemgeuza Khalid kuwa shujaa wa uhuru wa wote ana kazi ya kumweleza mtu huyo.

Sasa tuje kwetu. Ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano. Baraza la Wawakilishi haliagizi mizinga. Lililo mikononi mwetu ni namna tunavyopata viongozi, na hapo ndipo tulipopasuka kila mara: mauaji ya Januari 2001, matokeo ya uchaguzi yaliyofutwa Oktoba 2015, na marudio ya Machi 2016 yaliyosusiwa na upinzani. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilitupa Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya Katiba ya Zanzibar, na kila mara naona ikichukuliwa kama mgao wa vyeo baina ya vyama. Mimi naihesabu ni sehemu ya ulinzi wa visiwa hivi. Kwa hiyo kwenye mjadala ujao wa ulinzi nitauliza kwanza tume ya uchaguzi inaaminiwa na nani, Unguja na Pemba, na nani atakubali akishindwa.