Zile konekshoni mbili za Windows Server sio za wafanyakazi

Kuna imani ya miaka mingi, eti Windows Server inakupa watu wawili bure wa kuingia kwa rimoti, basi mhasibu na storkipa wanagawana hizo na maisha yanaenda. Hapana jamani. Zile mbili ni za admini kusimamia seva tu, kazi za kila siku zinataka leseni za RDS (Remote Desktop Services, huduma ya Windows ya watu wengi kufanya kazi kwenye seva kwa rimoti), kwa mtumiaji au kwa kifaa. Ukiweka Session Host (sehemu ya RDS inayowapokea watumiaji na kuwaendeshea programu zao) unapewa siku 120 za kujipanga, zikiisha bila seva ya leseni (ile inayotunza na kugawa hizo leseni) watu wanagomewa kuingia, na wengi wanailaumu intaneti bila sababu. Admini bado anapita na amri ya mstsc /admin, inayofungua rimoti kwa ajili ya kusimamia seva. Na kununua leseni peke yake haitoshi, lazima uielekeze Session Host kwenye seva ya leseni na uchague modi (kwa mtumiaji au kwa kifaa), hapo ndo wengi wanakwama.