Mji wa dakika 15 haumfungii mtu mtaani

Ujumbe ni uleule, hubadilishwa picha tu: Ulaya inajenga "miji ya dakika 15", na atakayetoka mtaani kwake bila kibali atapigwa faini. Si kweli.

Dakika 15 ni muda wa kufika, si mpaka: duka la mkate, shule, zahanati na bustani viwe karibu, mtu aende kwa miguu au baiskeli. Anayetaka kuvuka mji mzima, avuke.

Mkanganyiko ulikolezwa na Oxford, Uingereza. Mwaka 2022 ulipitishwa huko mpango mwingine kabisa, wa kupunguza foleni kwa kamera katika barabara sita: gari binafsi lisilo na kibali likipita hapo, faini. Gari, si mtu. Kwa mpango huo, basi na baiskeli hupita, na hata mwenye gari hufika kokote kwa kuzunguka barabara ya nje. Tena watu walikuwa wametoka juzi tu kwenye marufuku za korona. Hofu yao inaeleweka.

Rasimu za mipango hiyo hujadiliwa hadharani, na ramani huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri. Tafuta neno "faini", usome anayetozwa ni nani. Ukiletewa tena ujumbe ule, usiusambaze. Mwulize aliyeutuma ameona ramani ipi.