Taarifa ya awali ya shehena: yanayoaminika na yaliyo kweli

Maduka makubwa ya rejareja humtaka msambazaji atume taarifa ya kielektroniki kabla mzigo haujafika: faili la 856 kwa wanaotumia X12, DESADV kwa wanaotumia EDIFACT (hivi ni viwango viwili vya kubadilishana hati za biashara kati ya kompyuta).

"Ni nakala ya oda tu." Dhana hii ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Oda husema mteja ameomba nini. Taarifa husema kilichopakiwa hasa, na katoni ipi iko kwenye paleti ipi. Tuseme oda ni katoni 100, zikapatikana 96. Faili likizalishwa kutoka kwenye oda, mpokeaji ataskani lebo ya paleti, na mfumo wake utaingiza katoni zote 100 bila mtu kuhesabu. Pengo likija kugundulika, mteja hukata malipo na kutoza faini. Data itoke kwenye skana ya mpakiaji: skani katoni, ipange kwenye paleti, skani paleti, funga. Katoni ikishushwa baada ya hapo, iondolewe na kwenye mfumo kabla faili halijatumwa.

"Lebo ni jambo la watu wa kufungasha." Lebo na faili haviachani. SSCC, yaani namba ya pekee ya katoni au paleti iliyo kwenye lebo, ina tarakimu 18: moja ya upanuzi, 16 za kiambishi cha kampuni pamoja na namba ya mfululizo, na ya mwisho ya ukaguzi. Lebo ikichanika, chapisha tena namba ileile. Ukizalisha mpya, faili lililokwisha kutumwa halitaijua, na katoni itawekwa kando. Namba isirudiwe kabla mwaka haujapita tangu shehena yake itoke. Angalia pia mwongozo wa kila mteja: mmoja hutaka tarakimu 18 ndani ya faili, mwingine 20, yaani pamoja na 00 inayotangulia kwenye lebo kuonyesha kuwa namba inayofuata ni SSCC.

"Tumepata 997, basi imekubaliwa." Hiyo 997, jibu la kiotomatiki la mfumo wa mteja, huthibitisha muundo wa faili tu. Namba ya oda isiyokuwepo hupita hapo bila shida. Makosa ya maudhui hurudi kwa 824 (ujumbe wa mteja wa kueleza makosa) au huonekana kwenye tovuti ya mteja, kwa hiyo awepo mtu wa kuyaangalia kila siku.

"Usiku mfumo utatuma zote kwa mkupuo." Kwa safari inayochukua saa 2 tu, lori litakuwa limefika bila taarifa. Faili litoke pale lori linapofungwa.

"Ukikosea, tuma nyingine." Ukiituma tena kwa msimbo 00 (taarifa mpya) kwenye BSN01, sehemu ya faili la 856 inayotaja aina ya taarifa, itasomeka kama shehena ya pili, au itakataliwa kwa kujirudia. Ya kubadilisha hubeba 05, na si kila mteja anaipokea. Mzigo ukishaanza kuskaniwa upande wa pili, faili jipya halisaidii: piga simu idara ya upokeaji ukiwa na namba ya shehena na orodha ya SSCC zenye tatizo.